Maisha ya Mosidi Moatlhodi, Aliyeomba Apitishwe Kimya

Huyu aliyelala mbele yenu alfajiri hii ni Mosidi Moatlhodi, binti Rannoba, ambaye wengi wenu mlimwita Mma-Kagelelo, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 hapa hapa Lotsaneng, mtoto wa pili wa baba yetu, Rre Kgosietsile Rannoba, mchimba visima, na mama yetu, Mma Oarabile, aliyeongoza nyimbo kanisani hata baada ya sauti kumwishia. Anayewasomea ni Oteng, mdogo wake anayemfuata. Naomba radhi mapema. Kwa kawaida wasifu wa marehemu humpaka mtu mafuta mpaka akang'aa. Huu hautang'aa, kwa sababu mwenyewe alikataa, na mimi tangu utotoni sijawahi kumshinda ubishi.

Alikuwa na kipaji kimoja kilichomletea sifa na fimbo kwa kipimo kile kile. Alitunga nyimbo. Akiona jambo asubuhi, jioni watoto wa mtaa mzima wanaliimba. Mwaka 1966 mdogo wake mmoja alisinzia kambini kwa ng'ombe, fisi akapita, na mbuzi mmoja akarudi nyumbani na sikio moja. Mosidi alitunga mistari miwili tu juu ya jambo hilo. Mdogo huyo leo ana wajukuu na goti bovu, na bado kuna mzee mmoja ndani ya hema hili ambaye kila akimwona humwita Sikio Moja. Mzee anajijua. Tutaonana naye kwenye nyama.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1965 hadi 1971, kisha akaenda sekondari ya bweni hadi mwisho wa 1976, akila viwavi wa mti wa mopane aliokaushiwa na mama, kwa sababu chakula cha bweni alikiita adhabu. Kuanzia 1977 hadi 1980 alikuwa chuo cha uuguzi Gaborone. Huko majina ya mifupa yaliwashinda wenzake, naye akayatia kwenye mdundo wa wimbo wa mavuno. Siku ya mtihani msimamizi alilazimika kusimama mbele ya chumba akasema, "Jamani, mnaovuma kama nyuki, nyamazeni!" Darasa zima lilifaulu mifupa.

Tarehe 7 Aprili 1984 aliolewa na Rre Pelotelele Moatlhodi, karani wa reli, mtu mpole aliyekuja na ng'ombe wanane wa mahari na koti la kuazima. Pelotelele hakuweza kuimba hata wimbo wa taifa. Dada alipoulizwa alichompendea alijibu, "Hicho hicho. Nyumba moja haitaki kasuku wawili." Walijaliwa Kagelelo mwaka 1985 na Mothusi mwaka 1989. Rre Pelotelele alitutangulia mwaka 2014. Waliishi vizuri, na sisemi hivyo kwa kuwa ni msiba.

Sasa nakuja kwenye kazi, na hapa ndipo aibu yetu inapoanza.

Baada ya miaka kumi ya kuwa muuguzi katika kliniki za vijijini, mwaka 1991 Mosidi alihamishiwa ofisi ya elimu ya afya ya hapa Lotsaneng. Kazi yake ilikuwa kuchukua maneno ya wataalamu na kuyafikisha kwa watu. Wenzake walibandika mabango. Yeye alikusanya wanawake ishirini, akawaita Kwaya ya Afya, na kiongozi wao akawa jirani na rafiki yake, Mma-Kelebonye, mwenye sauti ya kupasua vumbi. Walipoimba wimbo wa maji ya chumvi na sukari, watoto waliacha kufa kwa kuhara. Ilipokuja ile miaka ya kuzika kila Jumamosi, na Jumamosi nyingine makaburi mawili, waliimba juu ya kupima damu na juu ya vidonge. Wamo humu hemani watu wanaomeza vidonge vyao mpaka leo kwa saa ya wimbo wa Mosidi, na wenyewe watawaambia hivyo bila kuulizwa. Basi watu wakamwamini. Mosidi akiimba jambo, jambo hilo limekwisha.

Mwaka 2006 ulikuja mwongozo kutoka nje kuhusu ugonjwa wa uchovu sugu. Ni ugonjwa ambao mtu, mara nyingi baada ya homa, huishiwa nguvu na zisirudi. Analala haamki amepumzika, kichwa kinajaa ukungu, na miezi inapita. Mwongozo wa wakati ule ulisema mgonjwa atembezwe, kila siku aongezewe kidogo, hata akilalamika. Hakuubuni Mosidi. Wakubwa wa dunia waliusema, naye aliuamini kama sisi tulivyomwamini yeye. Akautungia wimbo. Nausoma hapa kwa mara ya mwisho, na naomba mtu yeyote asiuvumishe:

Amka, Mma, amka, jua limetoka,
Leo hadi bombani, kesho hadi dukani.
Uchovu ni mgeni, ukimpa kiti anahamia,
Mlala mchana kaburi lamwita.

Mnaona mlivyotabasamu. Hata waliovaa nguo nyeusi wametabasamu. Wimbo ule ulikuwa mtamu. Wasichana waliuimba wakicheza mpira wa pete, vijana waliiimbia timu iliyofungwa, mabibi harusi waliamshwa nao. Kizuri chajiuza, na huu ulijiuza mpaka vijiji vya ng'ambo ya mto. Lakini marehemu alitaka jambo moja liwe wazi mbele ya kaburi lake. Ile ya bombani na dukani ilitoka kwenye mwongozo. Ile ya kumpa mgeni kiti na ile ya mlala mchana aliitunga mwenyewe. Hakuna mtaalamu aliyesema wagonjwa hawa ni wavivu. Alisema yeye, kwa sababu ilikaa vizuri kwenye mdundo.

Mwezi Februari 2008 Kelebonye, binti wa jirani yetu huyo, alipata homa kali iliyomvimbisha tezi za shingo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mlinzi bora wa mpira wa pete katika wilaya nzima. Homa ilipona, Kelebonye hakupona. Mama yake alimwita nani? Alimwita Mosidi, kama ambavyo mngemwita ninyi.

Mosidi alimtembeza. Kila asubuhi kabla ya kazi alisimama langoni, mama mtu akiwa ndani akimvalisha binti viatu, na wote wawili wakiimba. Majirani walitoka kutazama, wengine na vikombe vyao vya chai. Siku moja msichana alisimama akashika nguzo ya lango.

"Mma-Kagelelo, jana nilifika dukani. Leo miguu haipo."

"Miguu ipo, mwanangu, naiona kutoka hapa. Inangoja uiite."

Watu walicheka. Kelebonye naye alicheka, akatembea. Hilo ndilo lililomtesa dada yangu kuliko yote baadaye, kwamba msichana alicheka akatembea. Alikuwa mtiifu. Alitembea leo, na baada ya siku moja au mbili akaanguka kitandani hawezi hata kushika kijiko. Akipata nafuu kidogo, wanakuja na wimbo. Kila akianguka aliinuka pungufu. Watoto wakitoka shule walipita dirishani kwake wakiimba ile ya mlala mchana, na hawakukemewa, kwa sababu ulikuwa wimbo wa klinikini. Kufika mwaka 2011 Kelebonye alikuwa hatoki tena chumbani. Mwanga ulimuumiza, sauti zilimuumiza. Kijiji kilisema amedekezwa. Mma-Kelebonye aliacha kwaya, na urafiki wa miaka ishirini ukabaki salamu za juu ya ukuta.

Marehemu alistaafu mwaka 2017 kwa sherehe, keki na kiti cha kunesa. Mnajua hakukikalia. Aliendelea kusoma habari za afya kwenye simu, akiisogeza mbali na macho kama anayetaka kuitupa. Mwishoni mwa 2021 alisoma kwamba ushauri wa kuwatembeza wagonjwa wa uchovu sugu umeondolewa. Wale wale waliotuandikia mwongozo walikuwa wameufuta, baada ya wagonjwa kulalamika kwa miaka mingi bila kusikilizwa. Kagelelo alikuwa naye siku hiyo. Anasema mama yake aliweka simu mezani, akaifunika na kitambaa cha sufuria, akaenda kufagia uwanja uliokuwa umeshafagiwa.

Kesho yake alikwenda klinikini, na bango aliloandika mwaka ule ule wa wimbo lilikuwa bado ukutani na picha ya mwanamke anayetembea kwa bashasha. Alianza kulibandua. Muuguzi kijana akatoka mbio.

"Mma, hebu acha! Hiyo ni mali ya ofisi."

"Nimeliandika mimi, mwanangu."

"Najua, Mma, tunakuheshimu sana. Lakini waraka haujaja. Ukija tutalitoa."

"Na mgonjwa akija kabla ya waraka?"

"Si ataambiwa kilichopo ukutani?"

Simlaumu yule kijana. Alifundishwa kufuata kilichobandikwa, na aliyewafundisha wengi wao alikuwa Mosidi. Waraka ulikuja mwaka 2023. Kabla ya hapo marehemu alikuwa akienda klinikini kila alipopata kisingizio cha shinikizo la damu, akisimama mbele ya bango ili wagonjwa wasilione. Alikuwa mwanamke mnene, alifaa kwa kazi hiyo.

Lakini hakuanzia klinikini. Kuna mahali alipita kabla, jioni ile ile aliyofagia uwanja, nami nilikwenda naye. Alibisha kwa Mma-Kelebonye. Alifunguliwa bila kukaribishwa. Chumbani kulikuwa na giza na blanketi dirishani, akapiga magoti kando ya kitanda, kwa sababu Kelebonye aliweza kuvumilia tu sauti ya mtu akinong'ona karibu.

"Kelebonye, mwanangu. Niliyokuambia hayakuwa kweli. Sasa imejulikana. Kutembezwa kule ndiko kulikokuumiza. Hukuwa mvivu hata siku moja."

Msichana, aliyekuwa wakati huo na miaka thelathini na mbili, umri wa kuitwa mama kama angekuwa na watoto, aligeuza kichwa kidogo kwenye mto. Kisha akasema, taratibu, akipumzika kati ya maneno, "Mma, mimi nilijua. Mwili ulikuwa wangu. Kwa nini unaniambia mimi? Waambie wao."

Tuliporudi nyumbani dada hakuwasha taa. Alisema, "Oteng, nimekwenda kuomba msamaha nikidhani nimebeba habari."

Akaenda kuwaambia wao. Machi 2022, barazani kwa chifu, baada ya mambo ya ng'ombe waliopotea, alisimama na kusema kwamba ule wimbo wa Amka, Mma ulikuwa na makosa, umeumiza watu, usiimbwe tena. Wengi wenu mlikuwapo. Mnakumbuka mlichofanya. Mlidhani ni mzaha wake. Mzee mmoja nyuma akadakia, "Mma-Kagelelo amechoka! Jamani, tumwamshe!" Na baraza zima, wanaume kwa wanawake, mkamwimbia wimbo ule kwa mapenzi, mkipiga makofi, mpaka chifu naye akatikisa kichwa kwa kuufuata. Mosidi alibaki amesimama katikati, mikono imeshika kitambaa chake. Alisubiri mmalize. Akakaa. Niliiona shingo yake kutoka nyuma, na sikutamani kuiona tena.

Bango unalibandua. Kijitabu unakikusanya. Wimbo utaukusanyaje? Alikwenda shuleni, mwalimu mkuu akaahidi, watoto wakaendelea. Alikwenda kanisani, akaambiwa kwamba pale hawauimbi isipokuwa kwenye harusi. Akajaribu kutunga wimbo mpya, wa kusema pima nguvu zako, keti kabla hujaanguka, bakiza kidogo. Kwaya iliuimba mara mbili. Mma Sennye, anayeongoza kwaya sasa, alimwambia ukweli wake.

"Dada, samahani, lakini wimbo wa kukaa kitako hauchezeki."

"Huo ndio ukweli wa ugonjwa, Sennye. Mimi nifanyeje?"

"Ukweli uutafutie mdundo. Ule wa zamani ulikuwa na mdundo."

"Ule wa zamani ulikuwa uongo!"

"Ndiyo, dada. Lakini ulikuwa na mdundo."

Tangu hapo Mosidi hakutunga tena. Aliona haya hata kuvuma akiosha vyombo. Watu walisema amezeeka ghafla, amekuwa mkimya. Hakuzeeka. Alikuwa akijichunga.

Januari mwaka huu, 2025, alipatikana na saratani ya kongosho. Aliipokea kama mtu anayepokea mgeni aliyechelewa. Mlikuja kumwona kwa wingi, mkaleta uji wa mtama na matikiti, mkaleta kuku, na Mungu awalipe. Na mkaleta wimbo. Mwezi Aprili kwaya nzima ilijipanga uwanjani, chini ya dirisha lake, ikaimba Amka, Mma ili kumpa moyo. Mlimfanyia upendo, hilo hatulikani. Lakini mimi nilikuwa ndani. Aliugeukia ukuta, akasema, "Sasa nasikia anavyosikia Kelebonye." Nilipotaka kutoka niwanyamazishe, alinishika suruali. "Waache wamalize. Kwa yule haujaisha hata siku moja."

Mwezi Mei aliniita, akaniambia nikae kitandani, si kwenye kiti, ili nisipate kisingizio cha kutosikia.

"Oteng, siku yangu mtapita wapi?"

"Barabara ya makaburini ni ile ile, dada. Ulitaka upitishwe wapi, Gaborone?"

"Basi mkifika dirishani kwa Kelebonye mfunge midomo. Wote. Si wimbo ule tu. Wimbo wowote."

Nikamwambia haiwezekani, na ninyi mnajua kwa nini. Kwetu maiti hutoka nyumbani kwa nyimbo na hufika kaburini kwa nyimbo. Anayetoka kimya ni asiye na watu, au aliyekufa kifungoni. Nilimwambia, watu watasema tumekutupa.

"Waseme. Na maisha yangu utayasoma wewe, Sikio Moja. Usinisafishe. Mficha uchi hazai."

Kisha akanipa maelezo ya ugonjwa ili yachapwe kwenye programu hii, kwa sababu, alisema, asiyekuja klinikini huja msibani. Ndiyo haya. Ugonjwa wa uchovu sugu ni ugonjwa wa kweli wa mwili, si uvivu, si uchawi, si kudekezwa. Dalili yake kubwa ni kwamba mgonjwa akijitahidi kupita nguvu zake, kwa mwili au kwa akili, huzidiwa, mara nyingi siku moja au mbili baadaye, kwa hiyo anayemtazama leo haoni madhara. Hakuna dawa iliyothibitika kuuponya. Mgonjwa asilazimishwe kuongeza mazoezi kila siku. Asaidiwe kugawa nguvu alizo nazo na kupumzika kabla hajaishiwa. Akisema hawezi, aaminiwe. Na mtu aliyechoka muda mrefu apimwe, maana uchovu una sababu nyingi, na nyingine zina dawa.

Chini ya maelezo hayo aliniagiza niandike: Juni 2025. Nilimuuliza tarehe ni ya nini. Akasema, "Watu huweka programu za mazishi ndani ya Biblia miaka thelathini. Mtu akiitoa ajue ni habari ya lini, akaulize klinikini kama bado ni kweli. Yakibadilika mpige mstari juu yangu." Mnaoitunza programu hii, basi, mmesikia. Mpigieni mstari bila kuona haya.

Mosidi alifariki nyumbani Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa sita mchana, mkono wake ukiwa mikononi mwa Kagelelo.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini Jumatano hii tuliketi kupanga ratiba, na wengi mmeshasikia makelele yaliyovuka ukuta, afadhali muyapate kwangu kuliko kisimani. Mma Sennye alikuja na ratiba ya kwaya, na juu kabisa, pale jeneza linapotoka langoni, ameandika Amka, Mma. Nikawaeleza agizo la marehemu. Mjomba Gabofele, mdogo wa mama yetu, ambaye ndiye mkubwa wetu aliyebaki, alipiga fimbo chini.

"Marehemu hasemwi! Na kumpitisha kimya ni kumsema kwa njia nyingine. Wakwe watafikiri nini? Rannoba hawana watu wa kuimba?"

"Mjomba, ni agizo lake."

"Alikuwa mgonjwa. Mgonjwa huagiza hata barafu."

Kagelelo alilia. Alisema anaona aibu mama yake asomewe makosa mbele ya watu aliowaokolea watoto wao wasife kwa kuhara. Ana haki. Mimi pia naona aibu. Mma Sennye akajaribu kutusuluhisha: "Basi tuuimbe polepole kidogo. Au tuvume tu."

Mma-Kelebonye alikuwa ameketi na wapishi, akichambua maharage. Alikuwa hajakanyaga uwanja huu tangu 2011. Alikuja siku ya msiba na beseni lake, hakuna aliyethubutu kumuuliza kitu. Alisimama, akajifuta mikono.

"Mimi niliimba kuliko ninyi wote. Nilimvalisha mwanangu viatu nikiimba. Yeye hakuimba. Miaka kumi na saba anasikia kijiji kinaimba, na hawezi hata kufunga dirisha mwenyewe. Leo mmoja tu amesema mwanangu anyamaziwe, na huyo mmoja amekufa. Mnabishana naye nini?"

Mjomba Gabofele aliweka fimbo yake chini ya kiti. Kisha akasema, "Sennye, futa hapo."

Ndiyo maana ratiba iko kama mlivyoiona. Tutatoka langoni kwa nyimbo zote mnazozijua, na dada zake wa kwaya waimbe mpaka vumbi liinuke. Tukifika kona ya duka, tunakata wimbo. Gari la jeneza litazima redio na kwenda kwa mwendo wa miguu. Wenye visigino virefu wakanyage pole. Mwenye kikohozi akohoe sasa. Tutaanza tena tukivuka mfereji. Kama kuna mgeni atakayeuliza kwa nini Rannoba wanazika kama watu wasio na watu, mjibuni ukweli, kwamba tunaona haya, na tumeona haya kwa kuchelewa.

Marehemu ameacha watoto wawili, Kagelelo na Mothusi, wajukuu watano, mjomba wake, Rre Gabofele, mdogo wake, Oteng, na Kwaya ya Afya ya Lotsaneng. Ameacha pia wimbo mmoja, ambao tunawaomba warithi wote, yaani ninyi, muukatae.

Jana jioni Mma-Kelebonye alimweleza binti yake jinsi tutakavyopita. Alirudi na jibu, akaniambia nilisome kama lilivyosemwa. Kelebonye alisema, "Basi nitajua ni yeye. Atakuwa mtu wa kwanza kupita dirishani kwangu bila kuniambia niamke."

Nenda, dada. Lala, wala hakuna atakayekuamsha.